Kitufe cha Mwenzangu

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako ilifika ikiwa imelowa pembe moja, lakini maneno yote yanasomeka. Uliuliza maswali matatu. Nayajibu yote, maana najua ukirukiwa swali unanuna.

La kwanza: hapana, siendi Mwezini. Waambie majirani waache kuniombea safari njema. Aliyekwenda ni roboti, kigari chenye magurudumu sita na kimo cha meza ya kulia, nasi tunamwita Kobe. Yuko huko tangu mwaka juzi. Mimi nakaa kitini, chumba cha pili kutoka ngazini, naandika amri, yeye anatembea.

La pili: huwezi kumwona hata kwa darubini. Mwezi unatuonyesha uso mmoja siku zote, na Kobe yuko kisogoni. Redio yetu haimfikii, kwa sababu Mwezi wenyewe umesimama katikati kama ukuta. Kuna setilaiti imewekwa mbali, pahali inapotuona sisi na inapomwona yeye. Hiyo tunaiita Tarishi. Tukisema, Tarishi anapokea na kumpelekea. Kobe akijibu, ni njia hiyo hiyo. Tarishi akinyamaza, wote humu ndani ni viziwi. Samahani, Baba.

La tatu: nafanya kazi na jicho. Ndivyo kinavyoitwa cheo chake. Kila zamu ina dereva, ndiye mimi, na jicho, anayekaa kushoto kwangu. Yeye huvaa miwani inayounganisha picha za kamera mbili za Kobe, akaona shimo ni shimo na jiwe ni jiwe. Mimi kwenye skrini yangu nina picha moja, bapa kama kalenda ya ukutani. Siruhusiwi kutuma amri mpaka jicho aseme "Nimeona" na kubonyeza kitufe chake. Jicho wangu ni mtu mpole, mkewe ana mimba ya miezi minane, na kila mapumziko anakimbilia mlangoni tunakoacha simu.

Juzi jua limemchomozea Kobe. Mchana wa huko ni siku zetu kumi na nne, na usiku wake ni kiasi hicho hicho. Usiku analala, na sisi tunapumua.

Binti yako

*

7 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Dua za majirani nimezizuia, ila fundi cherehani wa hapa kona amesema dua haiozi, atakuwekea.

Mimi mzima. Goti tu ndilo limekataa kustaafu kwa heshima. Masikio ni yale yale. Jana sokoni mwanamke alinigonga mgongo mpaka nikageuka kwa hasira, kumbe nimesimama juu ya nyanya zake. Nikampa daftari langu aandike alichokuwa akisema. Akaandika mstari mmoja ambao siwezi kuunakili kwa mtoto wangu wa kike.

Kazi yako naielewa kuliko unavyodhani. Machimboni tulikuwa hivyo hivyo. Dereva wa katapila yuko juu, bapa la chuma limemziba mbele, haoni ukingo. Mtu wa bendera yuko chini. Bendera ya kijani ikiinuka, dereva anasogea, nyekundu, anasimama. Nimeshika bendera miaka kumi na tisa, kabla na baada ya baruti kunimaliza masikio. Kwa hiyo huyo jicho ni mwenzangu. Mwambie asikubali kuharakishwa. Madereva wote wana haraka kama walioacha maziwa jikoni.

Marehemu mjomba wako, dereva wangu, angeipenda kazi hiyo. Angekuondoa kitini. Mkaza mjomba wako anakusalimu. Mwanawe mkubwa aliomba kazi ya kuendesha lori akakataliwa, mmoja wa waliomhoji aliwahi kufanya kazi machimboni, akasema, "Huyu si mtoto wa yule mlevi aliyepuuza bendera?" Miaka ishirini na mbili, na watu bado wanakumbuka.

Basi.

Baba yako

*

10 Machi

Baba,

Shikamoo. Siku uliyokuwa ukiandika barua yako ndiyo siku Kobe alipokwama. Uliyosema juu ya haraka yamenikuta nimeshaharakisha.

Gazeti limesema ardhi ilititia. Nakuandikia ilivyokuwa, wewe peke yako.

Jua likikaribia utosini huko, vivuli vinaisha. Shimo na uwanja vinafanana. Joto nalo linapita digrii mia moja, kwa hiyo tunamwegesha Kobe siku kadhaa mpaka jua lishuke. Tarehe saba ilikuwa siku ya mwisho kabla ya kumwegesha. Mbele yetu, mita tisa, palikuwa na jiwe jeusi ambalo wataalamu wa miamba wamelililia tangu mwaka jana.

Saa tano na dakika ishirini na nane asubuhi, mlinzi wa mlangoni aliingia akamwambia jicho, "Bwana, simu yako inataka kuvunja kabati." Jicho akanitazama. Nikamwambia, "Nenda, huyo ni mkeo." Akasema, "Dakika mbili." Kanuni ni kwamba jicho akiinuka, kazi inasimama.

Zilipita dakika tisa. Saa tano na dakika arobaini muda wetu wa kumtumia Tarishi ulikuwa unakwisha. Niliitazama picha yangu bapa. Nyeupe, safi, haina kitu. Nikanyoosha mkono wa kushoto, nikabonyeza kitufe cha mwenzangu. Nikasema "Nimeona" kwa sauti, na chumbani nilikuwa peke yangu. Kisha nikatuma.

Si mimi wa kwanza. Jicho akienda msalani, dereva humbonyezea. Tunaita kumshikia mwenzio macho, na tunacheka. Safari zote hizo mbele palikuwa pazuri.

Picha iliyorudi ilikuwa imelala upande. Gurudumu la mbele la kushoto limo shimoni mpaka kwenye ekseli, na tumbo limekalia mwamba.

Jicho alirudi saa tano na dakika arobaini na nne. Alisema, "Wa kike. Kilo tatu." Halafu akatazama skrini.

Mashine imeandika kwamba kitufe cha jicho kilibonyezwa saa tano na dakika thelathini na saba. Kwenye kazi yetu, shimo ni la jicho, si la dereva. Amesimamishwa tangu jana. Mimi naendelea kuja kazini na kukaa kwenye kiti changu. Nisiposema atafukuzwa. Nikisema nitatoka mimi.

Baba, nifanye nini?

Binti yako

*

13 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nyamaza.

Jicho wako bado ana umri wa kuanza upya. Wewe umesoma miaka kumi na sita, na mama yako aliuza mpaka kitanda. Maji yaliyomwagika hayazoleki, na kuyaonyesha watu hakuyarudishi mtungini. Wakikuuliza, jibu ulichoulizwa, usiongeze.

Barua yako nimeichana. Usiniandikie tena habari hii.

Baba yako

*

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimekutii, na sasa nakuasi kwa kukuandikia.

Wanaochunguza ajali waliniita tarehe kumi na sita. Waliniuliza kama kitufe cha jicho kilibonyezwa kabla ya amri kutumwa. Nikajibu, "Kilibonyezwa." Ni kweli. Mwandishi wa kikao akaandika, akanishukuru.

Jicho waliyemuuliza baada yangu alisema, "Kama mashine inasema niliona, basi niliona." Anajua hakuona. Lakini akisema hakuwapo, kuacha kiti nako ni kufukuzwa, kwa hiyo haoni faida. Sijui kama ananihifadhi au ananidharau. Tulipishana koridoni akanipa njia, kama unavyompisha mtu aliyebeba kitu kizito.

Kuna jambo sikulijua nilipokuandikia mara ya kwanza. Zile picha mbili anazoziangalia jicho, moja tu ndiyo inayohifadhiwa. Kumbukumbu ya mashine zetu haina nafasi ya kuweka zote. Kwa hiyo ushahidi pekee wa jinsi ardhi ile ilivyokuwa ni neno la jicho. Jicho "aliona" uwanja. Kobe akatumbukia. Mafundi wamehitimisha kwamba palikuwa na pango, na Kobe amevunja dari lake. Kama ni dari, akisogezwa hata kidogo upande wowote anaweza kupotea mzima. Wanapendekeza aachwe pale pale, apime joto mpaka afe. Magurudumu yake ni mazima. Macho yake ni mazima. Watu mia mbili walimtengeneza kwa miaka minane.

Nilidhani kunyamaza ni kuacha jambo lilale. Halikulala. Kila asubuhi wanachora pango lisilokuwepo na kulipigia hesabu.

Jua lilimchwea Kobe tarehe kumi na tano. Litachomoza tarehe thelathini, akiwa hai. Kamati inakaa tarehe mbili Aprili, na siku hiyo itaamua yote mawili, Kobe na jicho.

Baba, nilipokuwa na miaka kumi na moja nilivunja kioo cha jirani. Nilikuwa na homa. Ulinikokota kwa mkono mpaka mlangoni kwake, ukasimama nyuma yangu mpaka niseme. Sasa unaniambia nyamaza. Mwandiko ni wako, lakini aliyeandika simjui. Una nini?

Binti yako

*

23 Machi

Mwanangu,

Umeuliza nina nini.

Ilikuwa Alhamisi, machimboni, kabla ya king'ora cha chakula. Malori manne yalikuwa yanangoja kupakiwa na msimamizi alikuwa anapiga kelele. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Kazi ya mtu wa bendera ni kwenda mpaka ukingoni, kuugonga kwa mtaimbo sehemu tano, kusikiliza, kurudi, ndipo ainue. Nilikuwa nimeugonga asubuhi saa moja. Saa sita sikwenda. Goti lilikuwa linauma, na masikio yangu yalikuwa hayanipi tena jibu la kuaminika, ila hilo sikumwambia mtu kwa sababu ningeondolewa.

Mjomba wako alichungulia kutoka juu ya katapila akaniita, "Shemeji! Pako sawa?" Nikatikisa kichwa kukubali. Akauliza tena. Sikio la kulia lilikuwa bado linafanya kazi, nilimsikia. Nikainua ya kijani.

Alisogea mita nne.

Walinihoji jioni ile, nguo zangu zina udongo wa kumchimbua. Aliyenihoji hakunitisha. Aliuliza, "Uliinua bendera gani?" Nikasema nyekundu. Hilo tu. Wakaandika kwamba dereva alipuuza bendera. Ulevi watu waliuongeza wenyewe, maana mtu hapuuzi bendera nyekundu akiwa na akili zake, na wewe unajua mjomba wako hakuwa mnywaji. Mama yako alikufa akimwonea aibu kaka yake.

Kioo cha jirani ulikivunja mwaka uliofuata. Nilikukokota kwa sababu nilitaka nyumbani mwetu apatikane hata mmoja aliyesema.

Niliposoma barua yako ya tarehe kumi, sikukufikiria wewe. Nilifikiri: huyu akisema, mimi nitabaki peke yangu. Ndiyo maana niliandika vile. Haukuwa ushauri.

Sasa sina uso wa kukuambia sema, wala nyamaza. Barua hii usiichane.

Baba yako

*

3 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimesema.

Walikuwa watano mezani. Mwenyekiti alianza kusoma taarifa ya pango. Nikainua mkono, akasema maswali ni mwishoni. Nikasema si swali. Nikaeleza: nani aliondoka kitini, saa ngapi, nani alimwambia aende, mkono wa nani ulibonyeza. Mwenyekiti akauliza, "Kwa hiyo wewe ndiye uliyetazama kwa miwani?" Nikamwambia, "Hapana. Hakuna aliyetazama."

Aliyefuata kusema hakuwa mwenyekiti. Alikuwa mama mmoja, fundi wa magurudumu, anayekaribia kustaafu. Hakukasirika. Alivuta karatasi.

"Basi shimo lilikuwapo tangu mwanzo," alisema.

"Lilikuwapo."

"Na nyuma ya Kobe mlipita?"

"Mita mia moja na kumi, bila tatizo."

"Basi arudi alikotoka. Mwamba uliombeba kuja utambeba kurudi." Akamgeukia mwenzake. "Wiki tatu! Wiki tatu tunapima pango la kwenye ngano za watoto!"

Ilichukua dakika saba. Kisha wakaniambia niweke kadi yangu ya chumba mezani.

Jicho amepewa onyo la maandishi kwa kuacha kiti. Anarudi kazini kesho. Mimi sitaendesha tena, hapa wala kwingine wanakoulizana habari. Hawajanifukuza; wamenipeleka chumba cha picha, ghorofa ya chini, kuzipa namba na kuzipanga. Jicho alikuwa kwenye benchi koridoni nilipotoka. Hakuinua macho.

Barua yako nimeisoma mara moja tu. Mjomba alinifundisha baiskeli. Siwezi bado kukuandikia juu yake. Nina hasira, na sitaki kukuandikia nikiwa nayo. Nipe muda.

Binti yako

*

8 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Muda unao. Sijakuandikia ili kukuhimiza.

Jana saa tatu asubuhi nilikwenda ng'ambo ya ukuta kwa mkaza mjomba wako. Alikuwa anakunja nguo zilizokauka. Nilisimama mlangoni nikamwambia, kama nilivyokuandikia, bila kupunguza. Aliendelea kukunja mpaka nguo zikaisha. Ndipo akanyoosha mkono kutaka daftari langu. Aliandika:

"Alikuuliza mara ngapi?"

Nikamwambia mara mbili.

Akakaa. Baadaye akaandika tena: "Alikuwa hakuamini hata wewe. Alikuwa mwangalifu hivyo." Kalamu ilitoboa karatasi. Kisha: "Wanangu wamepigana shuleni kwa ajili ya hili. Utawaambia wewe, ana kwa ana. Si kwa barua. Sasa toka."

Nimetoka. Leo asubuhi sijamwona uani.

Baba yako

*

12 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Kobe ametoka. Ilikuwa tarehe tano, siku moja kabla ya kumwegesha kukwepa joto. Sikuwapo chumbani, lakini picha ilinifikia kwa sababu ndiyo kazi yangu: niliipa namba, nikaandika tarehe na saa. Walimrudisha nyuma mara tatu, sentimita ishirini kila mara, wakingoja picha katikati. Shimo lina kina cha sentimita thelathini na nne. Kingo zake ni mwamba mgumu. Mtu aliyevaa miwani angeliona kwa kutupa jicho mara moja.

Jua sasa linashuka huko, vivuli vimerudi, na jana alilifikia jiwe jeusi akipitia upande wa pili. Anayeendesha ni jicho. Wamempa kiti changu, kwa kuwa anaijua njia. Kitufe cha jicho kimehamishiwa ng'ambo ya meza, mkono wa dereva haukifikii.

Alishuka jana mwenyewe kuchukua picha za zamani. Nilimpa. Alisimama akizipanga, na zilikuwa zimeshapangwa.

"Ungesema siku ile ile," aliniambia.

"Ndiyo."

"Na mimi ningesema siku ile ile."

Akauliza kama chumbani humu hamna baridi, nikasema ipo. Akapanda ngazi.

Sasa la kwako. Nilimpigia simu mtoto mkubwa wa mjomba. Sikumwambia ni nini. Nilimwambia Baba ana neno lao na lazima alitamke yeye. Alisema wao watatu watakuwepo Jumapili saa nne kwa mama yao. Nimeomba ruhusa, ninafika Jumamosi jioni. Usinipikie.

Sijakusamehe, Baba. Sijui lini, na pengine si mimi wa kwanza kuombwa hilo. Lakini nimefikiria jinsi itakavyokuwa. Wewe utasema, wao watajibu wote kwa pamoja, na hutasikia kitu. Utaona midomo tu, na mtu akiona midomo tu anaweza kujidanganya kwamba amesamehewa, au kwamba ametukanwa zaidi ya alivyotukanwa. Kwa hiyo nitakaa kati yako na wao, na daftari lako. Nitaandika kila neno watakalosema, kama walivyolisema, na jina la aliyesema. Nitakupa usome ukiwa umekaa mbele yao.

Nunua kalamu mpya. Yako inafifia.

Binti yako